Kizuka wa Santa Inés

Tangu siku ya kwanza Hasina hakuupenda mji wa Santa Inés, na hakumficha mtu. Aliyempigia simu kutoka Arlington alielezwa, aliyempigia kutoka Katy alielezwa, na ndugu zake wa Mombasa walielezwa mpaka wakachoka: wao wako Meksiko matembezini tu, mumewe akishapumua vya kutosha watarudi kwao Texas. Shuaib, mumewe, aliyasikia yote hayo akiwa kwenye kiti chake barazani, akajifanya ameshughulika na kahawa.

Matembezi yenyewe yalikuwa yametimiza miezi kumi na moja.

Shuaib alikuwa dereva wa malori makubwa. Miaka ishirini na mbili alivuta trela kutoka maghala ya Dallas kwenda kila pembe ya Amerika, na miaka hiyo yote Hasina alikuwa Arlington, akiwageuza wazee wa watu vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee, na kulea watoto wawili huku simu iko sikioni. Ndoa yao ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili, na Jumapili nyingine haikupatikana. Moyo wa Shuaib ulipoanza kumsumbua na daktari akamwondoa barabarani, walijikuta wamo ndani ya nyumba moja siku saba kwa juma, na kila mmoja akamwona mwenzake mgeni kidogo. Hasina angekwambia hivyo mwenyewe, si mtu wa kuyapaka mambo rangi.

Habari za Santa Inés Shuaib alizipata kwa wapakiaji mizigo wa maghalani, hao hao waliomfundisha Kihispania. Ni mji mdogo wa pwani upande wa Pasifiki. Alikwenda mara moja kuuona, akarudi ameshapanga nyumba: vyumba viwili, baraza, minazi mitatu, na bahari hatua mia mbili. Alimwambia mkewe kwamba watu wa huko embe bichi wanalila kwa chumvi, pilipili na ndimu, kana kwamba hiyo ni sababu ya mtu mzima kuhama nchi.

Lakini kweli walilila hivyo. Na ukwaju waliufanya maji ya kunywa, na muhogo ulikuwepo sokoni. Kila asubuhi lilipita gari la mitungi ya gesi likipiga wimbo wake, nyuma yake mwenye madumu ya maji, halafu mama wa mikate ya mahindi na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Shuaib aliwajua wote kwa majina katika wiki mbili. Mwezi wa tatu alitafuta kipande cha chuma cha springi ya lori, akampelekea fundi wa kuchomelea, akamchorea kwenye karatasi anachotaka, na alasiri akarudi nyumbani na mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno na kiti chake. Hasina aliikalia, akakuna, akapika wali wa nazi uliomkumbusha mama yake. Alitaka kumsifu mumewe, kisha akaona kwamba akisifu nazi atakuwa amesifu na mji. Akala kimya.

Shuaib alitaka neno moja tu. Alitaka mkewe aseme, hapa ni kwetu. Alikuwa amekwenda kuwakatia vitambulisho vya ukaazi, na Hasina akatia sahihi yake bila kusoma, halafu akaendelea kusema yuko matembezini. Nguo zake zilitoka begini zikafuliwa, zikarudi begini.

Jumatano moja, karibu na adhuhuri, Shuaib alimwomba wafuatane sokoni wakachague pazia, maana zilizokuwepo za mwenye nyumba zilikuwa na picha za majogoo, naye hawezi kusali mbele ya majogoo. Hasina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mgeni hanunui pazia," akasema.

Shuaib akacheka kidogo, akasema haya, akaenda kutia udhu wa adhuhuri. Maji yakamiminika bafuni, yakamiminika, na hakuna aliyeyafunga. Jirani yao, mama mmoja mjane aitwaye Doña Chelo, ndiye aliyekuja na chuma kusaidia kuuvunja mlango.

Riyadh, mtoto wao wa kiume, alifika kesho yake kutoka Arlington pamoja na wanaume wawili wa msikitini waliochukua sanda. Kumpeleka marehemu Texas kungehitaji karatasi za siku kumi au zaidi, na maiti hasubirishwi. Wakamwosha pale barazani nyuma ya shuka, wakamsalia, wakamzika mwisho wa makaburi ya mji, pembeni ya misalaba iliyopakwa rangi ya samawati na waridi. Wanaume wa mtaa walichimba. Riyadh aliwaonyesha kibla kwa simu, nao wakaugeuza mwanandani bila swali.

Siku ya tatu Riyadh akampigia sheikh wa Arlington kwa video, ili mama apate kujua mambo ya eda yake. Wote waliunganishwa: binti yake Nuha na mumewe Munir huko Katy, karibu na Houston, na shemeji yake Hasina huko Mombasa. Sheikh aliwapa pole, akaeleza taratibu. Mwanamke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Hatoki bila haja, hajipambi, hajitii manukato. Lakini aliyefiwa akiwa safarini ana ruhusa ya kurudi kwake akakae eda nyumbani.

"Sasa Bi Hasina, nisaidie," sheikh akasema. "Huko mlihamia, au mlisafiri?"

Hapakuwa na aliyengoja jibu kwa wasiwasi. Jibu walikuwa wakilisikia kwenye simu kwa miezi kumi na moja. Riyadh alikuwa ameshaangalia viti viwili vya ndege ya Jumapili. Na Nuha alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, baada ya miaka tisa ya sindano na dua. Mama yake alikuwa amemwahidi kufika kabla ya mwezi wa nane na kukaa naye arobaini yote: amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo, ampikie uji wa pilipili manga, amshikie mtoto apate kulala. Hiyo ndiyo kazi ya mama binti yake anapojifungua mara ya kwanza, na Hasina alikuwa ameshanunua hata kitambaa cha kumfungia.

"Tulihamia," akasema Hasina. "Hapa ndipo kwetu."

Riyadh alimgeukia. Kule Mombasa shemeji yake akasema Mola amlipe, mke mwema ni huyo. Nuha alionekana kwenye kioo cha simu akihesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Mama, nitajifungua bado uko eda," akasema. "You promised me."

Hasina akajibu kwamba ahadi ni ya Mungu. Ni jibu zuri hilo, limewanyamazisha wengi, na Nuha naye likamnyamazisha. Hakumwambia mtu habari ya pazia.

Riyadh alikaa wiki moja akarudi kazini. Hasina akabaki kizuka, ndivyo mwanamke wa eda anavyoitwa kwao pwani. Mombasa kizuka ana watu. Ana wa kumsomea, wa kumpikia, na shangazi wa kukaa mlangoni na kuwaeleza wageni marehemu alikufaje. Huyu wa Santa Inés alikuwa peke yake. Alizivua bangili kwa sabuni, akavaa bafta nyeupe, akaacha wanja, na hakuvuka lango. Majogoo ya mwenye nyumba yakawa yanamtazama mchana kutwa. Bahari aliisikia usiku na mchana, hatua mia mbili, na yeye mtoto wa pwani hakwenda kuiona.

Doña Chelo alidhani kwanza mwenzake anaumwa. Kisha akaingiwa na wasiwasi kwamba Riyadh ndiye aliyemfungia ndani, akaja na mpwa wake anayejua Kiingereza kidogo kuulizia. Hasina akaeleza, mpwa akatafsiri. Yule mama akashika gauni lake jeusi, akaeleza naye: mama yake aliomboleza kwa nguo nyeusi miaka mitatu, na yeye mwenyewe hajaivua mpaka leo. Wakatazamana, mmoja mweusi, mmoja mweupe. Tangu siku hiyo hakuhitaji kueleza tena. Mtaa mzima ulijua. Mama wa mikate aliifikisha mpaka barazani, mwenye maji aliingiza dumu mpaka jikoni huku ameinamisha macho, na gari la gesi likifika nyumba ile lilizima wimbo wake, likauwasha tena baada ya kona.

Siku moja Doña Chelo alimletea maharage, na Hasina, asiye na neno la nguruwe kwa Kihispania, ikambidi aulize kwa mlio wa nguruwe mwenyewe. Doña Chelo alicheka mpaka akakaa chini. Hasina naye akacheka, akashtuka kujisikia anacheka ndani ya eda, akaingia chumbani kulia. Mwezi wa pili alikuwa anawajua wote kwa majina. Mji alioukataa mumewe akiwa hai ulimlea alipofiwa, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kuwa peke yake.

Wiki ya tisa Nuha alipiga simu akiwa amelala hospitali, Houston. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, wameni-admit. Presha imepanda, wanasema huenda wakanitoa mtoto mapema." Akavuta pumzi. "Naogopa. Njoo, Mama. Muulize sheikh, atakuruhusu."

Hasina alimuuliza sheikh dakika ile ile. Sheikh akasema dharura ina mlango wake katika dini, haufungwi. Akamuuliza swali moja tu: yupo mwingine wa kumwangalia mgonjwa, au hana mtu? Na hapo ndipo Hasina angeweza kusema, hana mwingine aliye mama yake. Lingetosha. Sheikh alikuwa anangoja kulisikia.

"Yupo mkwewe," akasema. "Bi Nawal. Mtu mzuri sana."

Na alikuwepo kweli. Bi Nawal, mama yake Munir, Mzanzibari, alikuwa mtu mzuri hasa. Basi sheikh akasema, hapo Bi Hasina, wewe ndiye mwenye kuijua nafsi yako.

Nafsi yake aliijua nusu. Nusu ilikuwa mapenzi na nusu ilikuwa aibu. Alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima kwamba pale ndipo kwao, na ukoo ukamsifu. Leo, wiki tisa tu, aonekane uwanja wa ndege na begi? Aliwajua wanawake wa Arlington. Wangemkumbatia msikitini na kuanza kuhesabu siku zake kabla hajafika kwenye gari. Hata hivyo alipiga moyo konde. Asubuhi yake alimwomba Doña Chelo amwitie teksi, akavaa, akatoa begi nje. Dereva akalipakia, akamfungulia mlango.

Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka lango alipoliona lile dirisha na majogoo yake. Akamwona Shuaib anacheka kidogo, anasema haya. Mtu yule aliomba neno moja mwaka mzima akanyimwa, aliomba pazia akanyimwa, na sasa amepewa eda, nayo anyang'anywe nusu yake? Hasina akarudisha mguu. Dereva hakuelewa, akalishusha begi taratibu na kuliweka barazani, na Doña Chelo akamsindikiza ndani kwa kumshika kiwiko.

Ungekuwepo ungemwambia kwamba maiti hajui tena nani amekaa na nani ameondoka, mgonjwa anajua. Ungemwambia kwamba anachomfanyia mume ni kitu alichopaswa kumfanyia yungali hai, na sasa mtoto ndiye anayegharimika. Mimi ningemwambia hivyo kwa ukali. Hakuwepo wa kumwambia.

Alimwandikia Nuha ujumbe mrefu, wenye aya mbili za dua. Nuha akajibu, "It's okay, Mama."

Mtoto alizaliwa siku tatu baadaye kwa upasuaji, msichana, kilo mbili kasoro. Siku kumi na moja alilazwa kwenye mashine ya joto. Bi Nawal ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali, ndiye aliyemkanda mzazi na kumpikia uji, na ndiye aliyekuwa akimtumia Hasina picha, kila siku, na maneno ya upole chini yake. Nuha akipigiwa hakupokea, baadaye huandika kwamba alikuwa amelala. Akipokea, huongea kidogo, kwa adabu, humuuliza mama anakula vizuri. Hapo ndipo Hasina alipoanza kuogopa. Nuha anayegomba alimzoea, huyu wa kumuulizia chakula hakumjua.

Jina la mtoto alilisoma kwenye picha ya akika iliyowekwa na mtu mwingine kabisa, limeandikwa juu ya keki kwa krimu ya rangi ya waridi. Walimwita Nawal. Hasina akaandika Mashaallah, akaifuta, akaiandika tena.

Eda ikaisha. Siku hiyo alioga, akavaa nguo ya rangi, akaenda kwanza makaburini. Alikaa kando ya Shuaib mpaka jua likamchoma. Alimwambia kwamba amekaa zote, hakupunguza hata moja. Alingoja ahisi kitu, unafuu, shukrani, chochote. Hakuhisi ila kwamba amemaliza kazi na mwenye kazi hayupo wa kuipokea. Kitu alichokitaka sasa kilikuwa Katy.

Alimwambia Riyadh amkatie tiketi ya kwenda tu. Funguo alimwachia Doña Chelo, na alipoulizwa kwa ishara kama atarudi, akafunua viganja. Ndani ya ndege alilipanga neno lake: Kwetu ni hapa ulipo wewe, mwanangu, sirudi tena kule. Alilirudia kimoyomoyo tangu wanapaa mpaka Houston.

Munir alikuja kumpokea, akabeba mizigo yote, akamuulizia safari. Saa nzima walikuwa barabara kuu, na Munir akaomba radhi kwa msongamano kana kwamba ni kosa lake. Nyumba yao ilikuwa mpya, katika mtaa ambao miti yake bado imefungwa kwenye fito isianguke. Bi Nawal aliwafungulia mlango amejifunga leso, mtoto yuko begani. Alimkumbatia Hasina kwa mkono mmoja akalia naye, akamlilia Shuaib machozi ya kweli, kisha akampa mtoto. Mtoto akaanza kulia.

"Mlaze upande huu," Bi Nawal akasema kwa upole, akausogeza mkono wa Hasina. "Huyu hupenda kushikwa hivi."

Hasina alikuwa amelea wawili na kuwabeba wazee wasiohesabika. Akamshika mtoto alivyoelekezwa, na mtoto akanyamaza. Juu ya kaunta ya jikoni zilikuwepo dawa za presha za Bi Nawal, miwani yake, tasbihi yake. Mama huyu hakuwa amekuja kusaidia arobaini tu. Alikuwa amehamia.

Nuha aliteremka ngazi akitokea kwenye mkutano wake wa kazi wa kompyuta. Alikuwa amekonda. Akaubusu mkono wa mama yake, akambusu na paji la uso, akamwambia amependeza. Wakaketi. Wakazungumza habari za ndege, joto la Houston na uzito wa mtoto. Hasina alingoja Bi Nawal aondoke aseme neno lake, na Bi Nawal, kwa kuwa ni mtu mwenye akili, akaondoka akaenda kusali.

Hasina akavuta pumzi. Nuha akatangulia.

"Utakaa siku ngapi, Mama?"

Alimtazama. Alitafuta hasira katika uso ule, au hata kisasi, kitu cha kushika. Hakikuwepo. Nuha alikuwa anauliza kweli.

"Nataka tu ku-plan," Nuha akaendelea. "Chumba cha chini analala Bi Nawal, na magoti yako hayapendi ngazi. Sitaki uteseke. Na najua una kwako kule, hutaki kukuacha muda mrefu."

Neno lilikuwa mdomoni mwake, tayari, limerudiwa angani saa mbili na nusu. Mtoto alijinyoosha mapajani mwake. Hasina akalimeza.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili zinanitosha."

Nuha akasema hizo ni nzuri, wataweza kumpeleka na Arlington akasalimie watu, kisha akainuka kwenda kumtafutia taulo.